Aliyepotea Singida

Kumi na tisa. Mwalimu Lazaro alihesabu tena, safari hii akigusa kila bega. Kumi na tisa. Asubuhi walikuwa wameshuka ishirini kutoka kwenye lori la ushirika.

"Raheli yuko wapi?"

Felista, anayekaa naye benchi moja darasani, alitazama chini. "Tulishikana mikono mpaka sokoni, mwalimu. Ukatuambia tusome vibao. Nilipogeuka, hayupo."

"Ameolewa na Mhindi!" alisema Petro huku akikanda magoti yake, na darasa zima likacheka. Petro hakukosa la kusema hata siku moja. Lazaro hakucheka.

Ulikuwa mwaka wa kumi wa Uhuru, na darasa la kwanza la Ulemo lilikuwa limekuja Singida kuuona mji mkubwa: posta, soko, hospitali, maduka. Lazaro ndiye aliyeipigania safari hiyo kwenye mkutano wa kijiji. Mtu akishajua kusoma, aliwaambia, apelekwe mahali penye maneno. Ulemo nzima ilikuwa na kibao kimoja tu, tena alikichora yeye mwenyewe.

Wote walikubali isipokuwa Mzee Yeremia.

"Raheli mji anaoujua ni Shelui tu, siku ya mnada," alisema. "Akipotea huko nani atanipikia? Haya, mchukue. Lakini usiponirudishia, usikanyage kwangu."

Sasa ilikuwa saa nane mchana. Alute, dereva, alikuwa amefungua boneti akimimina maji.

"Saa kumi naondoka, mwalimu. Taa yangu moja imekufa. Sisubiri giza."

"Utaondoka na watu kumi na tisa?"

"Nitaondoka na waliomo."

Lazaro alikimbia. Aliingia duka la kwanza lililokuwa mbele yake, la vitambaa, la Prabhudas.

"Shikamoo, mzee. Umemwona mwanafunzi wangu? Ana daftari la kijani."

Prabhudas aliweka mkasi chini. "Marahaba. Mwanafunzi? Hapana, mwalimu. Leo wamepita watu wazima tu. Lakini ngoja, kuna mmoja nilimpa kiti..."

Lazaro alikuwa ameshatoka.

Muuza karanga alisema ameona mtu mwenye daftari akishuka kuelekea ziwani. Raheli hakuwahi kuona maji mengi kuliko ya kisimani. Lazaro alishuka mbio mpaka ukingoni mwa ziwa Singidani. Upepo ulikuwa ukirusha povu kwenye mawe. Ndege wengi walisimama majini, mguu mmoja mmoja. Mtu hakuwapo.

"Raheli!" aliita. "Raheli!"

Kabla ya siku hiyo hakuwahi kulitamka jina hilo nje ya darasa, na lilimkaa vibaya mdomoni. Raheli mwenyewe ndiye aliyemwamuru, siku ya kwanza kabisa, mbele ya wote: "Humu ndani niite kwa jina kama wenzangu. Usinipenderee."

Naye hakumpendelea. Raheli alikaa benchi la mbele kwa sababu nyuma hakuona ubao. Palipotakiwa L aliweka R, na palipotakiwa R aliweka L, kwa kusema na kwa kuandika, kama wengi waliokulia kwenye Kinyiramba. Wenzake walipomcheka alifuta kwa kiganja, akaandika tena, akakosea tena, akafuta tena. Hakuwahi kutoka darasani kabla ya kupata.

Wiki iliyopita alinyoosha mkono. "Mwarimu, mtu akipotea mjini, wenzake wanafanyaje?"

"Wanatafuta kibao kilichoandikwa hivi," Lazaro alijibu, akaandika ubaoni: POLISI. "Mle ndani kuna daftari kubwa. Wanaandikisha jina la aliyepotea."

Raheli alilinakili neno hilo mpaka ukurasa ukajaa.

Lazaro aligeuka, akapanda mlima tena, mbio, viatu vimejaa mchanga. Kutoka upande wa soko alisikia honi ya lori. Alute alikuwa akiita watu wake.

Kituoni palikuwa na koplo mmoja nyuma ya meza ndefu. Benchi la ukutani lilikuwa tupu. Lazaro alilitazama benchi lile, na matumaini yote aliyokuja nayo yakamwishia.

"Afande, mwanafunzi wangu amepotea."

"Darasa la ngapi?"

"La kwanza."

Koplo alitikisa kichwa kwa huruma. "Hapa hajaletwa mtoto, mwalimu."

Honi ililia tena, ndefu. Lazaro alishika ukingo wa meza. Akilini alimwona Mzee Yeremia amekaa mlangoni kwake, akiangalia barabara.

"Kaa kwanza, utaanguka," alisema koplo. "Nitakuandikia. Leo kila mtu anatafuta mtu. Tangu asubuhi nina taarifa moja tu, nayo ni ya kijana wa kiume. Aliyekuja kumwandikisha yuko uani, wamempa chai. Ametutesa huyo! Nilimpa wino aweke dole gumba, akanisukumia. Anataka kalamu. Nikampa. Nusu saa nzima ameinama hapa, jasho linamtoka, hataki kusaidiwa."

Akaligeuza daftari kubwa ili Lazaro aone.

Herufi zilikuwa kubwa, zimepanda na kushuka nje ya mistari, moja imefutwa kwa kiganja mpaka karatasi ikachubuka, halafu ikaandikwa upya:

MJUKUU WANGU RAZARO AMEPOTEA. ANA MIAKA 23. NI MWARIMU WANGU.