Kipezi

Ukungu ulilala juu ya Ziwa Vänern, na mashua yetu, iliyokokota chambo tangu alfajiri, ilikuwa kama inaelea hewani. Mashindano ya uvuvi yalibakiza nusu saa. Wavuni alihema samoni mkubwa kuliko wote tuliowahi kuvua.

"Kombe letu, mume wangu!" alicheka Gunvor. "Kaka yangu atanuna hadi Krismasi."

Nikapapasa mgongo wa samaki, karibu na mkia. Samoni anayefugwa kisha kuachiwa ziwani hukatwa kipezi pale. Wa asili huwa nacho, na sharti arudishwe majini. Kidole changu kikakigusa, laini kama sikio la mtoto.

"Kipo," nilinong'ona.

"Na ukungu huu, nani ataona?"

Akafungua kisu. Nikafumba macho. Nikasikia uzi ukikatika, kisha chubwi.

"Haya," alisema Gunvor, "tutanuna sisi."