Udongo Uliooshwa Mara Tatu

Mwanasha aliupeleka udongo mdomoni kwa ncha ya kidole, akasita. Ulikuwa mchana wa Ramadhani.

Kijiji chao cha ujamaa kilikuwa kando ya mashamba ya chumvi, na chumvi ilikwisha kuubomoa ukuta wa kwanza wa darasa la kisomo. Udongo wa ukuta mpya walikuwa wameuosha mara tatu kwa maji ya mvua. Je, umetakata?

"Onja, dada," mwenyekiti alisema. "Mpishi huonja mchuzi akatema, na saumu yake ipo."

"Mchuzi mbaya hauwaangukii watu vichwani," Mwanasha alijibu.

Akasema bismillahi, akauweka udongo ulimini. Chembe zilikwaruza. Akaitafuta chumvi.

Akatema, akatema tena, akajifuta ulimi kwa kanga. Kisha akachovya kalibu ya matofali majini.

"Ukandeni," aliwaambia wanakijiji.