Mchanga wa Viumbe Vyote

Siku saba watawa walitandaza mchanga wa rangi hadi ukawa duara la kuombea viumbe vyote amani. Leo lama, kiongozi wao, aliufagia, akautia mtungini, tukamfuata kwenda kuumwaga majini. Popote maji yafikapo, baraka hufika.

Lakini mbona aliupita mto, akashika njia ya mfereji? Mfereji ule unaishia kijiji cha chini, kwa wale wezi wa maji. Theluji ya milimani inayotupa maji ilikuwa haba mwaka huu, na shayiri yangu inakauka.

"Wamemhonga nini huyu?" nilimnong'oneza jirani yangu, Yangskit.

"Si kasema viumbe vyote, dada? Au wao ni mawe?"

"Wana lao hawa." Watu wa chini walikuwa wamejipanga ukingoni, kimya mno.

Lama akamimina. Mchanga mwekundu, wa buluu, wa manjano ulianguka, ukatulia palepale. Mfereji ulikuwa mkavu.

Lama akainua macho polepole, akatazama juu, mfereji unakoanzia.

Nikaivuta mikono yangu ndani ya joho. Kuchani bado kulikuwa na tope nililozibia mfereji alfajiri.

"Na jua lote hili, dada," Yangskit akasema kwa sauti, "wewe unasikia baridi?"