Mkwe Anafasiri Filamu ya Chai

Kwenye televisheni, Mjapani mtengeneza chai alikuwa akipangusa kikombe kilekile kwa dakika ya nane sasa, na Mama Bamurange akauliza tena maziwa yatawekwa lini.

Zihindula akasema yako njiani. Angejibu nini? Wajomba wa Umutoni walioko Columbus walishakubali posa yake kwa simu. Lilibaki neno la mama tu, na mama alikuwa hapa, kwenye kochi la nyumbani kwake, mtaa wa Shively, amevaa miwani ya kusomea Biblia. Miaka yote hakuangalia kitu ila kwaya. Leo, sijui alipatwa na nini, alitaka filamu ya Wajapani wa zamani, eti mkwe msomi amfasirie.

Basi jamaa akafasiri. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya picha mbio kama mbuzi waliofunguliwa. Machache aliyakamata, mengine akayatunga mwenyewe. Bwana wa ngome, baba wa binti wa kwenye filamu, akitamka maneno mawili, Zihindula anatoa mahubiri mazima: binti apewe huyu mtengeneza chai, hata kama ni wa kabila lingine, Mungu haangalii kabila. Umutoni, pembeni ya mama yake, alimtazama kwa mapenzi hadi ikawa aibu.

Mara mwanamke akatokea langoni na watoto wawili, akapiga magoti kwenye matope, analia. Mtengeneza chai akageuza uso.

“Ule ni nani?” mama akauliza.

Zihindula alikohoa kidogo. “Dada yake, Mama. Amekuja kumusalimia.”

“Na watoto?”

“Bon, ni ya dada.”

Mama akasikitika, masikini dada wa watu. Filamu ikaendelea, chai ikanywewa bila maziwa mpaka mwisho. Bwana wa ngome alipochomoa upanga, Zihindula alieleza kwamba ni wa kukatia keki ya harusi.

Filamu ilipoisha, akashuka kwenye kiti, akainamisha kichwa kwa adabu, akaomba jibu lake. Umutoni alishika mkono wa mama yake.

Mama Bamurange akavua miwani, akaifuta taratibu kwa kitenge.

“Aksanti, mwanangu, umechoka na kufasiri,” akasema. “Mimi hii filamu nilishaiangalia mara tatu. Ni muke wako wa kule Buffalo alinitumia.”