Mkanda wa Tatu Kabla ya wa Pili

Mchana ule sinema ya mji ilikuwa inaonyesha filamu yake ya mwisho kabla ya kufungwa, nayo ni ile ya kijana aliyepanda mashine akarudi jana kumwokoa mamake. Kabla haijaanza, Bi Mashavu alipanda ngazi mpaka kwa mzee Shaame, mwonyeshaji filamu.

"Nina ombi, baba. Ionyeshe kama siku ile nilipokuwa mdogo."

"Siku ile nilikosea, mwanangu. Nilitia mkanda wa tatu kabla ya wa pili."

"Ndilo kosa nililolifuata. Mama wa yule kijana akafa maji katikati badala ya mwisho, halafu mwisho yuko mezani anakula na mwanawe. Wiki ile nilikuwa nimemzika wangu. Nilitoka hapa mbio, nikaenda kupakua sahani mbili."

Mzee alikohoa. "Wahenga walisema yaliyopita si ndwele."

"Wahenga hawakuwa na mashine yako."

"Watu watasema Shaame kazeeka, hata namba hasomi."

"Na waseme. Kesho huna kazi, watakufukuza wapi?"

Mzee akacheka, akavuta makopo mawili ya mikanda, akayabadilisha nafasi.

Chini, mwanamke mmoja alitaka kukaa kando ya Bi Mashavu, akakuta kanga imekunjwa juu ya kiti.

"Pana mtu hapa, dada?"

"Pana mtu."

Filamu ilipofika mwisho, mama alikuwa akimsogezea mwanawe sahani ya wali. Pazia likawa jeupe. Juu, ncha ya mkanda iliendelea kupigapiga mashine, na Bi Mashavu alikaa vilevile, mkono wake juu ya kanga.