Kipimo cha Kujinyima

Siku ya Kujinyima, kila nyumba ilitakiwa kuacha kitu kwa mwaka mzima. Mtu aliweka kiganja juu ya kipimo, akataja anachoacha, na kama kukiacha kulimuuma kweli, taa iliwaka. Nyumba isiyowasha taa ilikatiwa maji.

Bi Tausi aliacha manukato. Taa haikuwaka. Aliacha aiskrimu, akaacha gari la pili, akaacha hata safari ya Dubai. Kipimo kimya.

"Hiki kibovu," alisema, akamwita Sikujua, msichana wake wa kazi, aliyekuwa akiosha vyombo. "Njoo, mwanangu. Wewe si mtu wa nyumba hii?"

Sikujua alifuta mkono kwenye kanga, akauweka juu ya kipimo. "Naacha chai ya jioni," alisema kwa sauti ndogo.

Taa ilipepesa tu.

"Sema unaacha kumpigia simu mama yako siku za Ijumaa."

Sikujua aliinamisha uso. Akayarudia maneno hayo. Taa iliwaka, ikamulika mpaka ukutani, halafu ikazimika.

"Alhamdulillahi! Mwaka huu tumejinyima kweli," alisema Bi Tausi, akijipepea.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Mama Ruqaya, jirani, jasho likimtoka. "Shoga, niazime binti yako. Changu kimegoma tangu asubuhi."

"Mama yake tumeshamtumia sisi."

"Hana mdogo wake?"

Wote wawili walimtazama Sikujua. Mkono wake ulikuwa bado pale pale juu ya kipimo.

"Sina mdogo," alisema.

Taa ikawaka.