Kibao cha Mhandisi Chande

Siku ya tatu ya matanga bomba lilipasuka uani, maji yakaanza kuelekea kwenye mikeka ya wageni. Watoto wanne wa marehemu mhandisi Chande, wote wameshaota mvi, walisimama mbele ya koki saba alizoziweka baba yao miaka hamsini iliyopita. Hakuna aliyewahi kuzigusa, kwa kuwa siku zote alikuwepo. Kwenye koki kubwa alikuwa amening'iniza kibao: "Msiguse. Niiteni."

"Mama, tufunge ipi?" aliuliza Zaituni, binti mkubwa.

Mjane alikifuta kibao tope kwa ncha ya kanga, akakisoma. Kisha akageukia mlango wa chumbani, kama alivyozoea.

"Baba Zaituni," aliita.

Maji yalipofika kwenye mikeka, hakuna aliyenyanyuka. Wote walikuwa wakiutazama mlango.